Kuosha ukuta wa matumbawe wa nyumba ya kale bila kuuharibu

Ndugu uliyeuliza kama unaweza kukodi pampu ya kuoshea magari ili uondoe weusi kwenye ukuta wa nyumba ya marehemu nyanya yako hapa Mji wa Kale, Mombasa, nakusihi usithubutu. Nyumba yetu, iliyo karibu na Ndia Kuu, iliwahi kuoshwa hivyo na fundi tuliyemwamini. Kufikia adhuhuri ukuta ulikuwa mweupe pe, lakini masika yalipoingia maji yalipenya hadi chumbani, na lipu ya chokaa ikawa ukiigusa kwa kidole inapukutika kama unga wa muhogo.

Matumbawe yana vitundu vingi, na kinachoyakinga ni lipu ya chokaa pamoja na uso wa jiwe uliokwisha kukomaa. Maji ya kasi yakiuchubua, jiwe hunywa mvua na chumvi ya upepo wa bahari. Tofali la kuchoma nalo ni vivyo hivyo, kwani ngozi iliyokomazwa na moto ikishatoka hairudi. Tindikali ni mbaya zaidi: dondoshea siki kipande cha chokaa kilichoanguka, nawe utaona povu, na hilo povu ni ukuta wenyewe unaoliwa.

Sisi sasa huosha wakati wa kaskazi, ukuta ukiwa mkavu. Kwanza tulijaribu sehemu ndogo upande wa uani, tukangoja ikauke kabisa ndipo tuamue. Tulipangusa ukungu kwa brashi laini, kamwe si ya waya, kisha tukalowesha kwa maji machache kuanzia chini kwenda juu, ili michirizi michafu isifyonzwe na ukuta mkavu, na mwisho tukasuuza kutoka juu. Msitumie maji ya kisima chenye chumvi, kwa maana chumvi hiyo ikikauka ndani ya jiwe hugeuka fuwele zinazobambua lipu. Unga mweupe wa chumvi ukijitokeza ukutani, ufagie ukiwa mkavu. Ukiuosha, unarudi ndani.

Kabla ya yote tengeneza mlizamu (mfereji wa maji ya paa) unaovuja, maana weusi mwingi huanzia hapo, na nyufa zizibwe kwa chokaa, si saruji, ambayo hufungia unyevu ndani. Kwetu bado pana kivuli cheusi chini ya dirisha la juu, na kwa kuwa lipu yake ni nyembamba mno, tumekiacha.