Uzi Hauishi Dukani: Raha na Vishawishi vya Kufuma

Ukipiga deki asubuhi, jioni sakafu imeshachafuka. Ukipika, chakula kinaliwa na kesho unaanza upya. Safu uliyoifuma jana usiku unaikuta pale pale ulipoiacha, na ya leo inaketi juu yake. Nadhani hii ndiyo sababu ya kwanza inayotufanya wengi wetu tupende kufuma kwa sindano mbili, hata kabla ya kuliwazia sweta lenyewe. Mimi ninaishi Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambako kuanzia Juni hadi Agosti sweta ni vazi la lazima na boshori halivuliwi hata ndani ya nyumba, kwa hiyo kazi ya mikono yangu haikosi mvaaji. Hata hivyo, hobi hii ina vishawishi vyake, na karibu vyote vinafanana katika jambo moja: vinakutoa kwenye kazi uliyonayo mkononi na kukupeleka kwenye nyingine ambayo bado haipo.

Kishawishi kikubwa kuliko vingine ni uzi. Mtu akisimama mbele ya rafu za maduka ya nyuzi ya Kariakoo, madonge yakiwa yamepangwa kwa rangi kuanzia hudhurungi hadi samawati, hujisahau akadhani ananunua masweta yaliyokwisha kufumwa, kumbe anachonunua ni saa nyingi za kazi ambazo pengine hana. Ushauri wangu ni kutonunua uzi wowote kabla ya kujua utafumwa nini, utavaliwa na nani na unahitajika gramu ngapi. Kununua pungufu nako kuna hasara, kwa sababu kwenye lebo ya donge, mbali na namba ya rangi, huandikwa namba ya mkupuo wa kutia rangi, na madonge mawili ya rangi moja yaliyotoka kwenye mikupuo tofauti yanaweza kufanana kabisa chini ya taa ya duka, kisha yakaachana waziwazi kifuani mwa sweta mara uendapo juani. Nunua madonge yote ya kazi moja kwa wakati mmoja, ukilinganisha namba hizo moja moja, na mwenye duka akikuharakisha umwombe radhi na uendelee kulinganisha.

Anayewashwa na mikono kila aonapo uzi mpya namshauri aelekee kwenye mitumba. Sweta la sufu halisi ambalo halikununuliwa kwa sababu limetoboka kiwiko linaweza kukupa uzi bora kuliko ule wa dukani, ilimradi ujue kulikagua. Ligeuze ndani nje na utazame mishono ya ubavuni. Ikiwa kila kipande kilifumwa kwa umbo lake kisha vikaunganishwa, ukikata uzi wa kuunganishia vipande vitaachana vyenyewe, na kila kimoja kitafumuka kuanzia juu kwa uzi mmoja mrefu. Ikiwa kingo zilikatwa kwa mkasi na kuzungushiwa ovaloki, liache, kwa sababu kila safu imekatika mwanzo na mwisho, na utakachopata ni vipande vifupi vya uzi, kila kimoja cha safu moja tu. Ukitilia shaka kama ni sufu kweli, choma kijiuzi kidogo ukiwa umekishika kwa koleo juu ya sahani: sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika kwa vidole, ilhali akriliki huyeyuka na kuacha punje ngumu. Uzi uliofumuliwa hutoka umejikunja kama nywele zilizotolewa kwenye msuko. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uuloweke katika maji ya vuguvugu na uuning'inize kivulini hadi unyooke. Usiutie kwenye maji ya moto wala usiusugue, kwa kuwa sufu hujifunga na kuwa kama blanketi gumu, na hapo hakuna namna ya kuirudisha.

Uzi ukishakuwa mkononi huja kishawishi cha kuanza sweta papo hapo bila kufuma kipande cha majaribio. Hapa sina budi kutumia hesabu. Tuseme lebo inasema kwamba kwa sindano za milimita 4 utapata vitanzi 22 katika sentimita 10, nawe unataka sweta la sentimita 100 kifuani, kwa hiyo unaanza na vitanzi 220. Ikiwa mkono wako ni mlegevu na katika sentimita hizo 10 zinaingia vitanzi 20 tu, sweta litatoka na sentimita 110, na mwenye kulivaa atapwaya ndani yake. Kipande cha majaribio kinachukua jioni moja. Kifume, kioshe, kikauke, ndipo ukipime, kwa sababu nyuzi nyingi hulegea au kusinyaa baada ya maji ya kwanza.

Kufumua nako kunahitaji moyo. Kitanzi kilichoanguka safu kadhaa chini hakitajificha kwenye rangi. Kila aliyelivaa sweta hilo ataishia kukichokoa kwa kidole mpaka shimo liwe kubwa. Kama ni kitanzi kimoja, kipandishe kwa sindano ya kroshia safu kwa safu bila kugusa vingine. Kama ni hesabu ya ruwaza iliyokosewa, fumua mchana, ukiwa umepumzika, wala si usiku ule ule uliogundua kosa, na hasa kama umeme umekatika.

Kwa watoto wachanga napenda kuhesabu miezi kabla ya kuhesabu vitanzi. Mtoto aliyezaliwa Januari atakutana na baridi yetu akiwa na miezi mitano au sita, hivyo sweta dogo la kumtazama siku ya kumpongeza mzazi litakuwa limembana kabla halijamsaidia. Mfumie la umri atakaokuwa nao Juni. Epuka kamba ndefu shingoni na uzi wenye manyoya yanayochomoka, kwa kuwa mtoto hutia kila kitu kinywani.

Wavulana wakitaka kujifunza, wafundisheni. Katika kisiwa cha Taquile kwenye Ziwa Titicaca nchini Peru, wanaume ndio wanaofuma kofia, na huanza wakiwa wadogo. Sioni kwa nini mwanangu wa kiume anyimwe raha hiyo hapa kwetu kwa sababu tu majirani wamezoea kuiona mikononi mwa mama zao.

Majirani hao hao ndio watakaokuja na kishawishi cha mwisho: “Mama, nifumie na mimi, nitakulipa.” Fikiri kabla ya kukubali, kwa sababu sweta la mtumba mara nyingi huuzwa kwa bei isiyofikia hata gharama ya uzi mpya, na mteja atakulinganisha na bei hiyo bila kuziona saa zako. Mimi hupokea oda za vitu vidogo tu, maboshori na soksi za watoto, baada ya mteja kutoa kwanza fedha ya uzi, na wakati wote hubakiza kazi moja isiyodaiwa na mtu, ambayo naifuma kwa mwendo ninaoupenda. Na kabla sijaanza oda yoyote hupekua kikapu: kazi iliyopitiwa na msimu mzima wa baridi bila kuguswa huifumua, nikaupima uzi wake kwa gramu na kuuandikia karatasi, na ile iliyobakiza kola au mkono mmoja huimaliza kwanza.