Ukitaka kutulia, ondoka kando ya barabara

Mtu wa mtaa wa Umoja au Kayole, hapa Nairobi, akiniambia mawazo yamemlemea, siku hizi humwuliza kwanza: unapumzikia wapi? Wengi hawana jibu. Jioni ni foleni ya Jogoo Road na moshi wa dizeli, na ukifika nyumbani jirani amewasha taka. Nimeishi Eastlands miaka mingi, naujua uchovu huo ambao usingizi hauutoi.

Najua utaambiwa uende Karura. Msitu ule wa hekta zaidi ya 1,000 una watu wa kushukuriwa: Januari 1999 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa na wahuni walipokwenda kupanda miti pale. Lakini nauli kutoka Kayole pamoja na kiingilio ni pesa ya unga. Tafuta kijani unachoweza kukifikia kwa miguu, hata kama ni kiwanja cha kanisa tu. Kule Philadelphia, Marekani, viwanja vilivyotelekezwa vilisafishwa, vikapandwa nyasi na miti michache. Utafiti uliochapishwa 2018 ulionyesha kwamba wakazi wa karibu walipungukiwa na huzuni kuliko wale ambao viwanja vyao havikuguswa. Nyasi tu jamani, si msitu!

Ila usiketi chini ya mti ulio pembeni mwa steji ya matatu ukidhani unapumua hewa safi. Mti haumezi moshi wa matatu kwa kiasi hicho. Chembe za moshi na vumbi zinazotudhuru zaidi, ziitwazo PM2.5, hazifiki hata sehemu ya ishirini ya unene wa unywele, na hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Kinachosaidia ni umbali: rudi nyuma ya majengo, au nyuma ya ua mnene wa kayaba. Wa kukimbia asubuhi, pitia vichochoroni, barabara kuu waachie matatu.

Kwenye korti yetu, yaani kundi la nyumba tunamoishi, tulianza na taka kabla ya miche. Tunachanga, vijana wanazizoa, hakuna anayechoma plastiki. Nafuu ya hapo niliihisi mapema kuliko ya kivuli chochote.

Lakini huzuni ikikaa wiki baada ya wiki, chakula hakishuki, nenda ukamwone daktari. Bustani haitibu kila kitu.

Na kabla hamjapanda, ulizeni ofisi ya ardhi kama nafasi hiyo imesajiliwa kuwa ya umma, mpewe jibu kwa maandishi. Mabati ya mnyakuzi hayaulizi nani alimwagilia miche.