Kuongoza liturgia bila kuwa mchungaji

Kamwene dada. Umeuliza kama mzee wa kanisa amekosea kukuomba uongoze liturgia (utaratibu wa ibada) Jumapili ijayo mtaani kwenu Njombe, wakati hujasomea hata uinjilisti. Hajakosea. Kwetu KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) usharika mmoja unakuwa na mitaa kadhaa, na mchungaji hawezi kuwa kote asubuhi moja. Kisichokuhusu ni Chakula cha Bwana, hicho msubirini mchungaji mwenyewe. Ungamo la Augsburg, tamko la imani ya Kilutheri la mwaka 1530, kipengele cha 14, linasema asiwepo wa kufundisha hadharani wala kutoa sakramenti bila kuitwa ipasavyo. Wewe umeombwa, hakikisha tu mchungaji anajua.

Kazi iko kwenye masomo. Angalia kalenda ya kanisa mapema, uyasome nyumbani kwa sauti, si kimoyomoyo. Siku ukipangiwa Pentekoste utakutana na Matendo 2, "Frigia na Pamfilia, Misri na pande za Libia", na ukikwama hapo watoto wa mbele watacheka (wanasubiri hilo tu). Soma taratibu, mabibi waliojifunga blanketi benchi la nyuma nao wasikie.

Halafu onana na mwalimu wa kwaya Jumamosi akupe sauti ya kuanzia. Ukianzisha juu mno, kufika "Bwana, utuhurumie" ya tatu utakuwa unaimba peke yako. Matangazo mwachie katibu, hayo yana wenyewe.