Kamera Imechoka, au Jua Liko Nyuma?

SWALI: Fundi, shikamoo. Kaka yangu aliniachia kamera ndogo ya dijitali. Jumapili jioni nikawapiga picha wanangu pale Jiwe la Bismarck. Jiwe limetoka safi, ziwa linameremeta, ila watoto weusi tii, hata macho huyaoni. Kijana wa dukani kaniambia kamera imechoka, ninunue nyingine. Ni kweli?
Mama wa Watatu, Buzuruga, Mwanza

JIBU: Marahaba, mama. Funga pochi yako, kamera ni nzima. Huyo kijana anatafuta mteja.

Pale ziwa liko magharibi. Jioni ukiwasimamisha watoto wakayapa maji mgongo, jua linakuwa nyuma yao na linakuangalia wewe. Kamera ilipima mwanga wa picha nzima, ikakuta maji na mbingu vinawaka, ikapunguza mwanga ili visiungue, yaani visitoke vyeupe tupu. Waliolipia ni watoto.

Tafuta kitufe chenye alama za + na −, ndicho cha kuongeza na kupunguza mwanga wa picha. Kwenye kamera nyingi ndogo kiko nyuma, karibu na skrini. Weka +1, piga, kisha vuta picha karibu kwenye skrini uangalie nyuso, siyo ziwa. Bado giza? Panda hadi +1.7. Mbingu itapauka. Iache ipauke, kwani ulikwenda kuipiga picha mbingu?

Ukivitaka vyote viwili, nyuso na mbingu, washa flashi wewe mwenyewe. Ukiiacha ijiamulie, mara nyingi ikiona mchana haiwaki. Watoto wawe mita mbili hivi kutoka kwako. Flashi ndogo haifiki mbali.

Ila mimi ningekwenda saa 2 asubuhi. Jua linatokea upande wa mjini, linakupiga wewe mgongoni na wao usoni, na jiwe lenyewe linaonyesha nyufa zake zote. Saa 7 mchana usijisumbue: Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, jua linakaa utosini na macho yanazama kwenye kivuli cha nyusi.

Kitufe hichohicho kitakufaa ukikuta dagaa wameanikwa juani. Wanang'aa, kamera inapunguza mwanga, wanatoka kijivu kama jivu la jana. Jumlisha kidogo. Na ukimaliza rudisha kwenye 0, maana kamera nyingine hubaki palepale hata ukiizima, na kesho yake picha zote zitatoka zimeungua.