Redio ya Setilaiti Kwenye Gari: Hifadhi Msanii Kabla ya Wimbo

Ukinunua gari Marekani siku hizi, mara nyingi utaikuta SiriusXM, redio ya setilaiti ya kulipia, imo tayari, na unapewa miezi kadhaa ya kuionja bure. Wengi ninaowajua hapa Dallas humaliza muda huo wakizungusha chaneli, kisha wanalalamika hakuna cha maana. Kipo, ila redio haijaambiwa unapenda nini.

Kuhifadhi kuko kwa namna mbili, na watu huzichanganya. Ukishikilia kimojawapo cha vitufe vya stesheni hadi kilie, umehifadhi chaneli. Msanii ana njia yake: wimbo wake ukiwa bado hewani, bonyeza palipoandikwa Alert (magari mengine yameandika Save), na redio itakuuliza kama unataka wimbo huo au mwimbaji. Wimbo wenyewe hauingii garini kama kwenye flashi. Kinachobaki ni jina. Likipita kwenye chaneli nyingine, kisanduku cha arifa kinatokea kwenye skrini, unakigusa, unahamishiwa huko.

Mimi huchagua msanii. Sisi Wakenya tuliolelewa na Kenny Rogers, Dolly Parton na Don Williams tunajua kwamba wimbo mmoja wa zamani unaweza kupotea wiki nzima, lakini Dolly hakosi kupita. Taylor Swift je? Huyo muache. Anapigwa sana, kisanduku kitakurukia usoni ukisoma ramani. Halafu wanaoimba wawili wana mambo yao: kwangu arifa ya Dolly ilikaa kimya hata Kenny na Dolly walipopigwa pamoja, ikabidi niuhifadhi wimbo ule wao wa 1983, Islands in the Stream, peke yake.

Shida ya arifa ni kwamba mara nyingi unafika wimbo ukiwa katikati. Hapo ndipo zile chaneli za vitufe zinapokuja kusaidia. Redio nyingi za miaka ya karibuni hurekodi chinichini chaneli ulizohifadhi, hasa za safu ya kwanza, kwa hiyo ukihamia huko wimbo unaanza mwanzo. Basi angalia arifa zako zinatoka wapi. Zangu nyingi zilikuwa zinatoka Willie's Roadhouse, chaneli ya kantri ya zamani, nikaipa kitufe cha kwanza na kuitoa chaneli ya habari niliyokuwa siisikilizi.

Bongo fleva usiitegemee huko, utangoja sana. Hiyo iache kwenye simu, uunganishe kwa Bluetooth.

Na kama gari ni la mtumba, ingia kwenye mipangilio ya redio uone mwenyewe wa kwanza aliacha nini. Nafasi za arifa zina kikomo, zikijaa redio haipokei jina jipya. Langu lilikuja na bendi za metali tupu. Nilifuta zote, nikambakisha Johnny Cash, ambaye sijui alifikaje humo.