Majani ya njano kwenye udongo wa maweni

Swali: Asalaam aleykum bwana shamba. Niko Makunduchi, kusini mwa Unguja, nyuma ya nyumba ni mawe matupu ila kwenye vishimo nimepanda migomba, mapapai na kunde. Naweka majivu kila wiki lakini majani yanazidi kuwa njano, na kiangazi hiki kisima kimeanza kuwa na chumvi. Nifanyeje?

Jibu: Waaleykum salaam dada yangu. Majivu acha leo hii, tafadhali. Najua wazee wetu waliyatumia, ila huko kwenu udongo umekaa juu ya matumbawe, chokaa tele, na majivu nayo yanafanya kazi ileile ya chokaa, sasa unazidi kumziba mmea asipate chuma na zinki. Hebu chukua udongo mkavu kiganjani ukamulie ndimu, ukichemka povu ujue ndo hivyo. Afu angalia jani, kama yanaanza machanga na mishipa imebaki kijani ni chuma, lakini yakianza ya chini yaliyozeeka na jani zima likapauka basi njaa ya naitrojeni, hapo samadi inatosha. Hiyo ya kwanza unaweza kupulizia mbolea ya majani yenye chuma na zinki ila ni ya kutuliza tu.

Dawa yenyewe ni kulisha shimo. Kabla ya masika chimbua mpaka magotini pale jiwe linaporuhusu, chini panga makumbi ya nazi yaliyoloweshwa, upande wa ndani wenye bonde utazame juu, yanashika maji siku nyingi sana, juu yake majani mabichi, samadi ya mbuzi iliyooza, ndo urudishe udongo. Mgomba katikati, kunde zitambae pembeni zifunike ardhi. Na majani makavu usichome jamani, yarudishe shimoni! Mwani unaotupwa ufukweni pia mzuri, ila uache unyeshewe mvua kwanza chumvi itoke.

Kisima usikichimbe zaidi, maana maji matamu yanaelea juu ya ya chumvi, ukienda chini ndo unayafata. Teka kidogokidogo, mwagilia jioni kwenye shina, sio juu ya majani. Kama una bati weka mfereji na pipa, mvua za vuli zikianza ujaze, hayo uyatunze kwa miche maana ndo inayokufa kwa chumvi mwanzo.

Nitumie picha ya jani changa la mgomba, mbele na nyuma, nikuangalizie.