Siku moja Nairobi: twende nyumbani kwa Karen Blixen?

SWALI: Shikamoo Mama. Mwezi ujao mimi na binti yangu wa miaka 14 tunakwenda harusini Nairobi, na tutabaki na siku moja ya kutembea. Anapenda sana vitabu, anataka kuiona nyumba ya Karen Blixen, yule mwandishi wa Denmark aliyekuwa na shamba la kahawa huko. Kaka yangu anasema ile ni nyumba ya mlowezi, haina letu. Twende?
Mwalimu, Tororo

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Nendeni. Mimi nilikwenda na mama yangu, ambaye amelima kahawa Sironko maisha yake yote.

Nyumba yenyewe mtaimaliza kwa saa moja: baraza la mawe, ngozi za wanyama sakafuni, samani za zamani. Ilijengwa 1912, Blixen akaihamia 1917 hadi alipoondoka 1931. Ikawa makumbusho 1986.

Mama hakukaa sana ndani. Alikwenda kwenye mashine kuukuu za kahawa zilizobaki huko nje, akaweka kiganja juu ya chuma chenye kutu, akazunguka nyuma kutazama kahawa ilikuwa ikiingilia wapi na kutokea wapi. Mwelekezi akamweleza kwamba shamba lilishindwa kwa kuwa liko juu mno, zaidi ya futi 6,000. Mama akatikisa kichwa. "Mwanangu, kwetu Mlima Elgon kahawa inapanda kupita hapo. Hawa walinyimwa mvua." Na kweli, Blixen mwenyewe ameandika juu ya miaka ambayo mvua ilikataa. Kisha mama akauliza: "Na waliokuwa wakichuma, walilala wapi?"

Ningependa binti yako aingie na swali hilo. Wakikuyu waliishi pale kama maskwota: walilima vipande vyao, nao wakadaiwa siku za kazi kila mwaka. Shamba lilipouzwa walitakiwa kuhama, na Blixen akahangaika maofisini mpaka wakapewa sehemu ya msitu wa Dagoretti wakae pamoja. Yamo katika kitabu chake Out of Africa cha 1937. Someni pamoja sehemu ya mwisho kabla ya safari. Kaka yako amesema kweli kuhusu mlowezi, lakini hilo la "haina letu" silikubali hata kidogo. Kahawa ile ilichumwa na mikono kama ya mama yangu.

Mpakani wewe utapita kwa kitambulisho cha taifa. Binti hajafikia umri wa kuwa nacho, kwa hiyo mshughulikie hati ya kusafiria mapema. Makumbusho hayako mbali sana na katikati ya jiji, ila foleni ya magari ni ndefu, ondokeni asubuhi. Malipo ni ya mtandaoni. Mwombeni mwenyeji wenu awasaidie kwa simu yake, na semeni mnatoka Uganda, maana watu wa Afrika Mashariki wana bei yao.

Na mwelekezi mwombeni Kiswahili tangu mlangoni. Sisi tulichelewa kusema, mama akapitwa na vyumba viwili vya kwanza.